Mahindi yameharibika ndani ya hanga ya baba: kosa ni la jengo?

*“Jambo agronomu. Baba yetu alifariki miaka mitatu iliyopita, akatuachia shamba kwenye njia ya Kasenga, nje ya Lubumbashi. Kuna hanga, ghala kubwa la matofali, aliyoijenga na wadogo zake kabla mimi sijazaliwa, na nyuma yake bado yapo matala mawili (butala ni ghala dogo la fito na udongo) ya nkambo, babu yetu; moja limelala upande. Utotoni tulikuwa tunakwenda kule kila likizo, na mahindi ya mwezi wa tano yalikuwa yanafika mvua nyingine bila dawa yoyote. Mwaka jana nililima mwenyewe, nikaingiza mifuko 38 ndani ya hanga mwezi wa sita. Mwezi wa nane nilipita, nikakuta mahindi mazuri. Mwezi wa kumi nilipoinua mfuko wa kwanza, vumbi la unga lilinimwagikia miguuni. Punje zote matundu. Kaka zangu wanasema hanga imezeeka na ina laana, kwa kuwa tulichelewa kumaliza matanga: tubomoe, tuuze matofali na mabati. Fundi anasema tuipake simenti ndani na nje. Muuzaji wa dawa amenipa vidonge vya kuweka kati ya mifuko, ninavyo chumbani. Mimi nataka hanga ibaki, lakini siwezi kupoteza mavuno ya pili. Nianzie wapi? Na kwa nini wakati wa nkambo yalidumu?”*

Mama, pole kwanza. Pole ya mahindi na pole ya baba, maana katika barua yako vitu hivyo viwili vimefungwa kwa kamba moja. Mimi kazi yangu ni kuhifadhi nafaka. Si fundi wa nyumba wala mzee wa ukoo, ingawa itanibidi niguse huko kote. Jibu fupi ni hili: msibomoe mwaka huu, msipake simenti, na hivyo vidonge vitoe leo ndani ya nyumba mnayolala, kabla hujamaliza kusoma. Vipeleke kwenye kibanda chenye kufuli, pakavu, mbali na watu na kuku. Nitaeleza mbele kwa nini.

Habari ya laana sitabishana na kaka zako. Mambo ya matanga mtayamaliza wenyewe na wakubwa. Lakini tarehe ulizoandika zinatosha kueleza kilichotokea, na zinakieleza vizuri sana.

Fukusi jike hutoboa punje kwa mdomo wake mrefu, huweka yai moja ndani, kisha huliziba tundu kwa ute. Ukiitazama punje ile kwa nje ni nzima. Mtoto anakulia humo humo akila kiini, na joto likiwa nyuzi 27 hivi, baada ya wiki tano anatoka mdudu mkubwa, tayari kuzaa. Huyu hangoji mahindi yafike ghalani. Anaruka kutoka kwenye mabaki ya mwaka uliopita, anayafuata mahindi yakiwa bado yamesimama shambani yanakauka. Kwa hiyo mifuko yako iliingia ndani ya hanga mwezi wa sita ikiwa tayari imebeba mayai.

Sasa kumbuka hali ya hewa yetu. Tuko juu kidogo ya mita 1,200, na usiku wa Juni na Julai joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Likiwa chini ya nyuzi 15, fukusi karibu anasimama: hafi, anangoja. Agosti mchana unaanza kuchoma, Septemba vumbi na joto, na Oktoba ndiyo mwezi wa jua kali kuliko yote kabla mvua haijashuka. Ulipopita mwezi wa nane uliona mahindi mazuri kwa sababu walaji walikuwa bado ndani ya punje. Kati ya safari yako ya kwanza na ya pili walitoka, wakazaana, na watoto wao wakatoka tena. Ungeweka sikio kwenye mfuko mwezi wa tisa, usiku, hanga ikiwa kimya, ungewasikia: mchakacho mdogo mkavu usiokoma, kama mtu anayekunja karatasi chumba cha pili.

Kuna neno moja katika barua yako lililonishtua zaidi, nalo ni “vumbi la unga”. Fukusi wa kawaida huacha matundu, lakini unga wake si mwingi wa kumwagika miguuni. Unga mwingi hivyo unanifanya nimshuku mdudu mwingine. Fanya hivi: kama bado una mfuko mmoja ambao haujatupwa, chota viganja viwili, mwaga kwenye sahani nyeupe, weka juani. Baada ya dakika chache bilulu, yaani wadudu, vitaanza kutembea. Mwenye mdomo mrefu kama mkonga ni fukusi. Ukimwona mwingine mweusi-kahawia, mfupi, wa mviringo kama kipande cha kijiti, kichwa kimeinamia chini usikione ukimtazama kwa juu, na nyuma amekatika wima kama aliyekatwa kwa kisu, huyo ni dumuzi.

Dumuzi si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kati. Kwetu Afrika Mashariki alitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande wa Tabora, Tanzania, na baadaye akaonekana Zambia. Watanzania walimwita Scania, jina la lori, na ukiona anavyopita kwenye mahindi hutauliza sababu. Alisafiri kama wanavyosafiri watu, ndani ya mizigo. Sasa niulize na mimi: hiyo mifuko 38 ulinunua mipya, au ni ile iliyoletea watu mahindi kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ukaikung’uta na kuitumia tena? Wengi tunafanya hivyo, na mimi nimefanya. Kwenye mshono wa chini wa mfuko wa kusokotwa kuna nafasi ya kulaza wadudu wa kutosha kuanzisha ukoo.

Dumuzi ana tabia moja inayohusu hanga yako moja kwa moja: anatoboa pia mbao. Mahindi yakiisha anaweza kujificha kwenye nguzo, kwenye boriti, kwenye fito za dari, akangoja mavuno mengine. Kwa hiyo jengo lina sehemu katika jambo hili, lakini si kwa sababu ya uzee wake. Hanga mpya ya mwaka jana, ikiwa na mbao laini na pembe ambazo hazikufagiwa, ingekufanyia yale yale.

Nifike kwenye swali ambalo nadhani ndilo lililokufanya uandike. Kwa nini wakati wa nkambo yalidumu?

Wengi wanaoniuliza hivi wanaamini siri ilikuwa katika butala lenyewe: fito zilizosukwa, udongo uliopakwa kwa mkono, paa la majani lenye kuinuliwa kama kofia. Butala lilikuwa zuri, sikatai. Lilisimama juu ya miguu, unyevu wa ardhi haukulifikia; majani yalizuia jua la mchana na ubaridi wa usiku, na hivyo ndani joto halikupanda na kushuka ovyo. Lakini udongo na fito havimzuii fukusi. Kilichokuwa kinamzuia ni mambo manne au matano ambayo leo hayako tena, na mengi ya hayo yalikuwa kazi ya mikono ya nkambo.

Mbegu, kwanza. Mahindi yake yalikuwa ya kizamani, kigunzi kifupi, punje ndogo ngumu kama kioo, zenye kung’aa. Ukiuma unasikia jino. Na maganda yalifunika kigunzi mpaka juu kabisa, yakajikunja nchani kama mdomo uliofumbwa. Mbegu za kisasa tunazolima kwa sababu ya mavuno makubwa, nyingi punje zake ni laini, na mara nyingi kigunzi kinarefuka kupita ganda lake, ncha inabaki wazi. Fukusi anaingilia hapo akiwa bado shambani.

Kisha uchaguzi. Muulize shangazi yako, kama yuko hai, mavuno yalikuwa yanaingiaje. Atakwambia wanawake walikaa chini na lundo zima, wakashika kigunzi kimoja kimoja. Chenye ncha wazi kando: hicho kinaliwa kwanza. Chenye ganda limefunga, ndani ya butala. Vizuri kuliko vyote viligeuzwa maganda, vikafungwa viwili viwili, vikaning’inizwa juu ya moto wa jikoni kwa ajili ya mbegu. Moshi ulivikausha na kuvifukiza kila siku, asubuhi na jioni, miezi sita, bila mtu kuita kazi hiyo jina. Wewe uliingiza mifuko 38 kwa siku moja au mbili. Nani angeshika vigunzi vya mifuko 38?

Na si mahindi peke yake yaliyokaa mle. Ulezi na mtama vilikuwa humo kabla yake. Punje ya ulezi ni ndogo mno, mtoto wa fukusi hana mahali pa kukulia ndani yake, ndiyo maana ulezi unakaa miaka bila kuguswa. Mahindi yalizidi kutawala huku kwetu kadiri migodi ilivyohitaji unga wa kulisha wafanyakazi. Watu waliokulia kambi za Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za ukoloni, wanakumbuka posho ya chakula ya kila wiki. Basi unapokumbuka butala lililofika mvua nyingine likiwa na chakula, inawezekana sehemu ya chakula hicho hayakuwa mahindi.

Niseme pia jambo ambalo halipendezi. Mtoto wa likizo haoni kila kitu. Ulikuja Julai na Agosti, butala limejaa, ukarudi mjini shule zilipofunguliwa. Januari na Februari, miezi ya kuokota uyoga na kuhesabu bakuli, hukuwepo. Na mahindi yaliyotobolewa yalikwenda kwa kuku kimya kimya. Hakuna aliyewaita wajukuu waje kuyatazama. Sisemi kumbukumbu yako ni ya uongo. Nasema ilihifadhi jengo vizuri kuliko ilivyohifadhi kazi iliyofanyika ndani yake, na ukilikarabati jengo bila ile kazi, mwezi wa kumi utarudi pale pale.

Sasa hanga. Hapa nakushauri kwa yale niliyoyaona tu, kisha umwite fundi wa matofali ya zamani, si huyu wa simenti.

Matofali ya hanga za njia ile karibu yote yalichimbwa kwenye vichuguu. Unavijua vichuguu vyetu, vingine vinapita urefu wa nyumba. Udongo wake mchwa wameshausaga wenyewe, hauna mawe, unafinyangwa vizuri. Lakini tofali lililochomwa kwa kuni pale pale shambani si gumu sana, na linapumua: mvua ikilipiga linanyonya, jua likija linatoa. Kuta zilizounganishwa kwa udongo zinaishi miaka mingi kwa namna hiyo, mradi paa liko sawa na maji hayasimami kwenye msingi. Ukilivika koti la simenti, maji yanaingia kwa ufa mmoja mdogo, au yanapanda kutoka ardhini, na hayana pa kutokea. Tofali linaoza ndani ya koti. Kwa nje ukuta unang’aa.

Najua kwa sababu nilikosea. Zamani, nikiwa kijana mwenye diploma mpya, nilimshauri mwenye shamba mmoja apige lipu ya simenti ghala lake lote ili “panya wasipate nafasi”. Msimu wa tatu wa mvua kona moja iliporomoka usiku. Asubuhi nilichukua tofali la chini mkononi, likavunjika kama bukari (ugali) iliyolala. Kwa bahati hakukuwa na mtu ndani. Yule mzee hakunilaumu, na hilo lilinikaa kooni kuliko angenitukana.

Kwa hiyo nyufa za ukuta ziba kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na chokaa kidogo, kisha paka chokaa nyeupe ndani yote. Chokaa ya Kakontwe, karibu na Likasi, inatosha kabisa. Inaacha ukuta upumue, inajaza vitundu wanapojificha wadudu, na kwenye ukuta mweupe unaona mara moja njia ya udongo ya mchwa inapopanda. Sakafu iliyomwagwa juu ya udongo mtupu hunyonya maji kutoka chini hata kama juu inaonekana kavu, mfuko usiiguse. Weka paleti au magogo, kiganja kimoja kutoka chini, na acha nafasi ya mtu kupita kati ya mifuko na ukuta. Siyo mapambo: bati la paa likipoa usiku, unyevu wa ndani unageuka matone upande wa chini wa bati na kudondoka, na mfuko uliobanwa ukutani haukauki.

Kabla ya yote, tazama paa kwa makini. Kama ni mabati ya kawaida, sawa. Kama ni yale mawimbi mazito ya kijivu yanayofanana na simenti, eterniti ya zamani, simama hapo. Nyingi za miaka ile zilitengenezwa kwa asibesto. Zikiwa nzima juu ya paa hazina haraka ya kudhuru. Zikivunjwa, kukatwa kwa msumeno au kupigwa brashi, zinatoa nyuzi ndogo zisizoonekana zinazoingia mapafuni na kuleta ugonjwa baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Kaka zako wanaotaka kubomoa kwa nyundo walijue hilo. Na kama kuna kopo la zamani kwenye kona, unga mweupe usio na jina, usilifungue, usiligeuze dawa, usilimwage mtoni. DDT, sumu ya wadudu, ilitumika kwenye ghala nyingi za enzi hizo.

Sasa vidonge. Karibu hakika ni fosfidi ya alumini. Kidonge kikikutana na unyevu wa hewa kinatoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo ndiyo inayoua mdudu, hata yai ndani ya punje. Inamuua mtu vile vile, na hospitali haina dawa ya kuigeuza sumu hiyo. Ili ifanye kazi inatakiwa ifungiwe chini ya turubai lisilopitisha hewa, pembe zote zimekandamizwa kwa mchanga, karibu wiki nzima, watu wote mbali. Hanga yako ina nyufa, ina madirisha ya matundu, ina nafasi kati ya ukuta na bati. Gesi itatoka kabla ya kumaliza kazi: wadudu wenye nguvu watapona na kuzaa wenye nguvu kama wao, na gesi iliyotoka itakwenda kwa mlinzi na watoto wake wanaolala kibanda cha pembeni. Watu wamekufa hivyo katika nchi nyingi, hasa watoto, kwa kulala chumba kinachopakana na nafaka iliyowekewa vidonge. Kazi hii ni ya mtu aliyefunzwa, mwenye vifaa. Muuzaji anayekupa vidonge mkononi, kwenye kikaratasi, bila kukuuliza unalala wapi, usirudi kwake.

Mavuno yajayo basi. Kwanza ukaushaji, na hapo Katanga tumebarikiwa: mvua inakwisha Aprili, hewa ya Juni inakausha hata nguo nzito. Vuna mapema iwezekanavyo mahindi yakishakauka. Kila wiki ya ziada shambani ni wiki ya fukusi. Kausha juu ya turubai, siyo chini. Usiamini meno peke yake. Chukua chupa kavu ya kioo, jaza punje theluthi moja, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri kwenye sufuria na kupoa, funga, tikisa dakika moja au mbili, iache robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado yana unyevu zaidi ya asilimia 15; rudisha juani. Ikirudi chini yote, yako karibu na salama. Ya kukaa miezi mingi yanatakiwa yashuke hadi 13 hivi, kwa hiyo hata chumvi ikikwambia ndiyo, ongeza siku moja mbili za jua.

Baada ya hapo pukuchua, usihifadhi na vigunzi. Najua nimetoka kumsifu nkambo kwa vigunzi vyake, lakini yeye hakuwa na dumuzi. Dumuzi anapenda punje iliyoshikwa imara kwenye kigunzi, anapata pa kuegemea akitoboa. Kwenye punje zilizopukuchuliwa anahangaika zaidi.

Kwa kuhifadhi bila sumu, mimi ningechagua mifuko ya tabaka tatu, ile inayojulikana kwa jina la PICS: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya mmoja wa kusokotwa. Ilianzia Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya kunde, kazi ya watafiti wa Purdue wa Marekani na wenzao wa kule. Ukijaza, ukatoa hewa kwa kukamua na kufunga kila tabaka peke yake, wadudu waliomo wanatumia oksijeni mpaka inapungua. Watu hudhani wanakufa kwa kukosa pumzi. Ukweli, wengi wanakufa kwa kiu: mdudu wa nafaka kavu hanywi maji, anajitengenezea maji mwilini kwa kutumia oksijeni, na ikikosekana anakauka. Ubaya wake nao nikwambie. Bei ni zaidi ya mfuko wa kawaida mara kadhaa, panya akiitoboa kazi imekwisha, dumuzi naye anaweza kutoboa plastiki, na ukiingiza mahindi mabichi yataoza humo upesi. Kama huwezi kununulia mifuko yote, nunulia ile ya kula kuanzia mwezi wa kumi na kuendelea. Ya kuuza uza mapema, ya kula Julai na Agosti iache kwenye mifuko ya kawaida. Maharagi na mbegu weka kwenye bidoni za plastiki zilizojaa mpaka shingoni, mfuniko umekazwa.

Dawa ya vumbi ya nafaka nayo ipo, ile inayochanganywa na punje. Inafaa, ikiwa ni halali, ina karatasi yake yenye jina, kipimo na tarehe, na ikiwa kipimo hakibahatishwi. Nguvu yake hupungua na miezi ya joto. Iliyogawanywa kwenye vimfuko visivyo na maandishi usinunue. Majivu ya nkambo? Yanafanya kazi kwa maharagi na mbegu: yanajaza nafasi kati ya punje, mdudu hawezi kutembea, na yanamkwaruza ngozi akakauka. Lakini yanatakiwa mengi, siyo kiganja kwa mfuko.

Na kabla hujaingiza hata punje moja, hanga iwe tupu wiki kadhaa, ifagiwe mpaka kwenye boriti, takataka zichomwe siku hiyo hiyo. Mifuko ya zamani ichemshwe au iachwe.

Mahindi yaliyobaki ya mwaka jana yatazame kwa rangi. Yenye matundu tu, kuku watakula. Yenye ukungu wa kijani, wa njano au mweusi, yasiende kwa kuku, yasiende kwenye kinu, yasigeuzwe munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Ukungu huo unaweza kuwa na aflatoksini, sumu isiyokufa kwa kupikwa. Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 walikufa kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mtu akila kisha macho yakageuka ya njano, tumbo likajaa, ni hospitali moja kwa moja, pamoja na kiganja cha hayo mahindi.

Kuhusu kaka zako. Mimi si mwanasheria, lakini Kanuni ya familia ya Kongo ya 1987 haibagui mtoto wa kike katika urithi, na jengo ni mali ya warithi wote. Hakuna bati linaloshuka kabla hamjakaa na kuandika. Mjue pia mnachotaka kuuza. Tofali la zamani lililochomwa shambani, likibomolewa, sehemu kubwa inavunjika. Bei yake haitanunua hata nusu ya hanga nyingine. Lakini nguzo, gongeni kwa mgongo wa panga. Ikilia kama chuma, na ukikwaruza ndani ni kahawia ya giza, huenda ni mubanga. Mti huo mchwa wanauzunguka wanapita. Nguzo kama hiyo isiishie kuwa makaa ya kupikia.

Butala lililolala siwezi kukuahidi litasimama. Lile lingine lishike: badilisha miguu iliyooza, vika kila mguu koni ya bati iliyopinduliwa, urefu wa kiuno kutoka chini, panya wasipande. Litakutosha kwa mbegu na ulezi. Na kabla hamjagusa chochote, piga picha kila upande, pima kwa kamba, kaa na shangazi na simu inayorekodi. Mwaka 2000 watu wa chuo kikuu chetu, akiwemo mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, walianza kazi ya Mémoires de Lubumbashi kwa kuwasikiliza wakazi wakieleza maisha yao na vitu vya nyumbani mwao. Sebule nyingi za mji huu zimewahi kuwa na picha ya ukumbusho ukutani, kijiji, mto, vibanda na butala pembeni. Wewe unalo lenyewe.

Mwite agronomu wa teritori aje mwenyewe ikiwa kwenye sahani utamwona yule aliyekatika nyuma. Fundi mzoefu aje ikiwa ukuta umetoka wima, au ufa wowote unaingiza kidole. Hapo msiingie mpaka auegemeze. Hivyo vidonge, na makopo yoyote ya zamani, mwonyesheni agronomu huyo huyo, asiyachukue mtoto wala mlinzi.

Ukikaa na shangazi, usisahau kumuuliza kama juu ya moto wake bado kunaning’inia kigunzi cha yale mahindi mafupi magumu. Kikiwepo hata kimoja, omba punje, ukazipande mwezi wa kumi na moja kwenye kipande chao peke yao, mbali na hayo mengine yasije yakachanganyika.